Sauti Niliyoiweka Mahali Pako

Mpendwa Yaya Feza,

Juzi sokoni mama mmoja muuza ndagaa alinishika mkono. "Mama Fujo wa redio alienda wapi?" Nilimjibu kwamba kipindi kimekwisha. Sikumwambia kwamba Mama Fujo alikuwa dada yangu, kwamba amekufa, wala kile nilichomfanyia kabla hajafa. Hilo nakuandikia wewe mwenyewe, Yaya, dada yangu mkubwa.

Unakumbuka tulipokuwa wakimbizi kule Kigoma? Mwalimu wako wa Kiingereza alikuwa na televisheni ndogo, na ndani yake vichekesho vya Waingereza: majirani wawili, mama na mzee, wanaogombana miaka yote juu ya ukuta mmoja. Mimi sikuelewa neno. Ulinitafsiria sikioni, ukicheka kabla ya kufika mwisho, hata nikakasirika.

Tuliporudi kwetu Kalemie, ng'ambo ya ziwa, nami nikapata kazi kwenye ile redio ndogo karibu na bandari, ulikuja na daftari. Ulikuwa umeandika kipindi cha kwanza chote kwa Kiswahili chetu. "Hawa Wazungu tuwalete hapa," ulisema. Paka wa yule mama wakawa bata, baridi ya Ulaya ikawa upepo wa ziwa, naye akawa Mama Fujo, na sauti yake ikawa yako.

Kitu kimoja kilitushinda. Kwenye televisheni yule mama alikuwa anamtazama tu jirani yake, kimya, na watu wanavunjika mbavu. Kwenye redio ukinyamaza, watu wanafikiri umeme umekatika. Ulihangaika juma zima. Kisha siku moja ukavuta pumzi puani, ndefu, ukaishikilia, ukaweka kifuniko juu ya sufuria taratibu. Fundi wa mitambo alicheka mpaka tukarekodi upya.

"Muntu wa redio hana uso," uliniambia. "Uso wake njo pumzi." Tangu siku hiyo pumzi yako ndiyo iliyokuwa uso wa Mama Fujo.

Kisha sauti yako ikaanza kukwaruza. Tulisema ni vumbi, tukakupa tangawizi. Daktari alipokuangalia kooni alituambia tumechelewa. Hukulia. Uliomba daftari.

Kitandani hospitalini uliandika vipindi vitatu, na katika kila kimoja Mama Fujo alisema machache kuliko cha nyuma. "Wengine waongee," ulininong'oneza. "Miye nitapumua tu. Mulete mashini ya kurekodi hapa."

Nilisema, "Ndiyo, Yaya."

Sikuleta. Wasikilizaji walikuwa wanalalamika kwamba Mama Fujo hasikiki, na mimi nikaona aibu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimchukua Yolanda, yule mchuuzi wa vitenge, nikamfundisha maneno yako, hata pumzi yako nikamfundisha. Nilijiambia nitakueleza kesho. Kesho yake nikajiambia hivyo hivyo.

Kipindi kikapita hewani, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na redio.

Nilipofika na uji, uliionyesha redio ile kwa kidole.

"Nani ule?"

"Ni Yolanda, Yaya."

Ulinyoosha mkono, nikakupa kalamu. Nilidhani utanitukana. Uliandika: *Anapumua haraka. Umwambie angoje kidogo.* Kisha ukageukia ukutani. Siku mbili uliwajibu wauguzi kwa kichwa, ukamjibu Mama yetu, mimi hukunijibu. Siku ya tatu nilikuta kitanda kimetandikwa.

Yolanda alitaka kuendelea. Mimi ndiye niliyekataa, na watu wakasema ni heshima kwako. Si heshima, Yaya. Kila alipovuta pumzi nilitoka nje ya studio.

Wanaonipa pole wanasema nilikuuguza vizuri. Nawaacha waseme. Nilikuogesha, nilikulisha, nilikufulia mashuka. Lakini ningekaa kando yako dakika moja nikwambie, "Yaya, sauti yako imekwisha," ungelia, nami ningelia nawe. Kilio hicho ndicho nilichokikimbia, nikakuacha ukipate kutoka kwa redio ya mtu usiyemjua.

Pumzika, Yaya. Sikuombi unijibu.

Mudogo wako