Vikombe vya Upepo Ngulyati

Ngulyati, Bariadi
8 Desemba 1996

Mwanangu mpendwa Joakim,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, pamoja na mkeo Jenipha. Mimi sijambo, ila magoti yanalalamika. Uniwie radhi kwa kukaa kimya. Sikuwa na mtu wa kunipelekea barua posta.

Ulipousimamisha mlingoti wa kampuni yenu hapa kilimani petu, ulinieleza kwamba siku hizi hata watu binafsi wanaruhusiwa kuzalisha umeme, hata wa upepo, na kwamba vikombe vinavyozunguka juu yake vingepima upepo mwaka mzima, kwa kuwa wa asubuhi si wa alasiri, wala wa kiangazi si wa masika. Nilielewa, nikautunza.

Lakini mvua zilichelewa. Mzee Bujiku, mtemi wa sungusungu, alisema vikombe hivyo vinafukuza mawingu. Alinitaka niving'oe; nilipokataa, nikatengwa. Unaijua adhabu hiyo: husalimiwi, huombi moto kwa jirani, na ukifa hakuna wa kukuchimbia kaburi. Kabula, aliyemuuguza marehemu mama yako, alipita mlangoni akitazama chini. Bujiku naye aliwachekesha watu kilabuni kwamba mimi mgane nimeoa mke wa chuma, basi na anipikie.

Sasa naomba radhi kwa jambo zito. Jumatatu niliushusha mlingoti kwa winchi yake, kama ulivyonifundisha tulipotoa kiota cha ndege, nikavifunga vikombe kwa kipande cha kitenge cha mama yako, kisha nikausimamisha tena. Nilidhani ningevifungua watu wakishatulia. Jumatano mvua ikanyesha, mbuga yote ikajaa maji. Kabula alikuja na kijinga cha moto, akilia. Bujiku alinishika mkono mbele ya watu, akasema sasa kila mtu ameona kwa macho yake.

Hivyo, mwanangu, kisanduku chako cha vipimo kule mlingotini kinarekodi kwamba Ngulyati hakuna upepo, na hapa ninapoandika bati linagongagonga juu ya kichwa changu. Nakusihi usiuingize utulivu huo katika hesabu zenu. Ukiniagiza nivifungue, nitavifungua siku hiyo hiyo. Ila tafadhali, siku utakapoitwa kunizika, uje na jembe lako.

Nisalimie sana Jenipha. Mungu awatunze.

Ni mimi baba yako,
Anatoli Jilala