Mawe Matatu ya Baba Kulwa

Kagongwa, Jumanne

Shikamoo Mama,

Huku ni vumbi, jua kali na wali mtamu ambao mwenyeji wangu hawezi tena kuumeza. Baba Kulwa ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, na ana saratani ya tumbo. Leo mimi na mkewe tulimsindikiza hospitali kuchukua majibu ya kipimo kinachoonyesha ni jeni zipi zimeamka ndani ya uvimbe, ili ijulikane ugonjwa utakwenda kwa kasi gani.

Daktari alisema zilizoamka ni zile zinazoisambaza saratani. Hata akipasuliwa, kwa wengi wenye majibu kama hayo ugonjwa hurudi mapema.

Baba Kulwa akacheka. "Daktari, sisi jiwe moja hatuliamini. Tunasaga mawe ya sehemu tatu za mwamba, tunaosha, ndipo tunasema duara, shimo letu la kuchimba, lina dhahabu au halina. Wewe umenikata kipande kimoja tu!"

"Vitatu, mzee wangu. Sehemu tatu tofauti, na vyote vimesema hivyo hivyo."

Baba Kulwa aliinuka. Alivaa kofia yake, akamgeukia mkewe. "Mama Kulwa, mpigie Kulwa, mpigie na Doto. Waje. Wasisubiri mavuno."

Miaka miwili alikuwa akimeza dawa za vidonda vya tumbo za dukani bila kupimwa, kama unavyofanya wewe sasa. Jumamosi nitafika, Jumatatu tutakwenda hospitali pamoja. Usinibishie, Mama. Nakuhitaji bado.

Mwanao,
Rehema