Mbuzi Sita na Cherehani Moja

Mpendwa Mwalimu, mama yake Kendi,

Salaam kutoka Isiolo. Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Ulipoondoka hapa nilikuwa bado naweka dole gumba. Sasa nimemaliza miaka miwili ya ngumbaru, na anayetufundisha anasema kusoma nimejifunza kwake lakini hesabu nilikuja nazo kutoka nyumbani. Sijui walikuhamishia wapi baada ya uhamisho ule wa kwanza, kwa hivyo nimeiandika barua hii wazi. Anayekujua na akusomee. Sina siri na wewe, nina dai.

Unakumbuka asubuhi ya kwanza? Nilitembea kutoka Kiwanjani hadi mlangoni kwako, nikakukuta na Kendi wa miezi saba mgongoni na daftari za wanafunzi kwapani. Ulitaka mtu wa nusu siku, kutoka saa kumi na mbili na nusu hadi saa saba, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukasema mtu wa siku nzima anataka chakula, mahali pa kulala na shilingi tisini, na mshahara wako hauyawezi hayo.

"Basi nusu ya tisini ni arobaini na tano," nikakwambia.

Ukaniangalia tena. Hukutegemea mwanamke aliyetoka kwa mifugo juzi angegawanya haraka hivyo.

Lakini nusu siku yako haikuwa nusu kwangu. Nilikuwa na Guyo wangu wa miaka miwili. Ulisema nisije naye, kwamba watoto wawili wangenishinda, nami sikubisha kwa sababu ukame ulikuwa umetumalizia wanyama wote na kazi nilikuwa naihitaji. Nikamwacha kwa jirani, nikamlipa shilingi nane kwa mwezi. Hiyo hukuwahi kuiuliza. Mtoto wako nilimlea kwa pesa, na wangu akalelewa na mwingine kwa pesa hiyo hiyo.

Sisemi ulikuwa mtu mbaya. Chai ulinipa kila siku, na yenye maziwa. Mwezi wa Ramadhani nilipika uji bila kuuonja, Kendi akawa ndiye mwonjaji: akikunja uso naongeza sukari, akilamba midomo natoa sufuria. Ulirudi siku moja ukatukuta katikati ya kazi hiyo, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Mama Guyo, utanimalizia sukari ya mwezi mzima." Na nikaimaliza kweli.

Mwisho wa mwezi wa kwanza uliponilipa, nilichukua kumi na tano: nane za jirani, saba za majani na sukari. Zile thelathini nilikurudishia.

"Niwekee," nikasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme."

Hapo ndipo tulipopotezana, Mwalimu, na mimi nilikuwa sijui. Kwetu mtu akiwa na mbuzi jike, anaweza kumwachia rafiki. Rafiki anachunga, anakunywa maziwa, hakuna anayemuuliza. Ukirudi baada ya miaka mitatu hakupi mbuzi mmoja. Anakuonyesha yule jike, halafu binti yake, halafu mjukuu, na aliyekufa anakuonyesha ngozi. Akificha hata mmoja, hakuna atakayemwachia mnyama tena. Mimi nilikuachia pesa hivyo. Mbuzi jike wakati ule alikuwa shilingi sitini, kwa hivyo kila miezi miwili nililala nikijua nimekuachia jike mmoja mzima.

Mwezi wa tisa wa kazi yangu cherehani ikaingia nyumbani kwako, ile nyeusi ya kukanyaga. Hukunificha. "Nimekopa zako kidogo, Mama Guyo, nitarudisha zote." Nikasema hakuna shida. Maziwa ya mbuzi ni ya anayemchunga. Ukaanza kushona sare za shule jioni, za wanafunzi wako na wa walimu wenzako, na kila asubuhi nilifagia vipande vya kitambaa nikamtengenezea Kendi mwanasesere. Nilifurahi. Nilijiambia, pesa yangu inanyonyesha vizuri.

Miezi ishirini ikaisha, barua ya uhamisho ikaja, na lori likasimama mlangoni. Ulinihesabia mezani, noti moja moja.

"Mia sita kamili. Hesabu na wewe."

Nikahesabu. Zilikuwa kamili. "Na watoto wake?"

"Watoto wa nani?"

"Wa pesa."

Ulicheka. Baba Kendi akacheka zaidi, akiwa ameshika godoro. "Pesa haizai, mama. Ingekuwa inazaa, mimi ningekuwa hapa nabeba godoro?"

Nikanyoosha mkono juu ya lori, mahali cherehani ilipofungwa kwa kamba. "Na ile ni nini?"

Ulikuwa unamvuta Kendi, ambaye alikuwa ameshika leso yangu kwa mikono miwili akilia "Aayo, Aayo," neno letu la mama, alilojifunza asubuhi zile bila mimi kumfundisha. Niliuona uso wako aliponiita hivyo. Labda hiyo ilikuuma kuliko swali langu, na ukaondoka ukidhani tumelipana maumivu. Sijui.

Ninachojua ni hesabu. Nilipokwenda sokoni wiki ile, jike alikuwa amefika shilingi mia. Mia sita yako ilininunulia sita. Kama ningechukua pesa yangu mkononi tangu mwanzo, ningekuwa na kumi, na wa kwanza wangekuwa wamezaa. Wanne walipotelea nyumbani kwako, na watoto wao siwahesabu.

Hao sita kaka yangu aliwachunga huko Gotu. Ndio walionisimamisha. Kutoka kwao nikaanza kuuza maziwa, kutoka kwa maziwa nikajenga duka la mabati hapa Chechelesi, na Guyo sasa yuko sekondari, karo imelipwa. Mtu asiniambie nilisaidiwa.

Nimepata pia binti wa uzeeni, ana mwaka mmoja na nusu, na duka haliwezi kulea. Kwa hivyo sasa mwenye kuajiri ni mimi. Nimemchukua Akiru, mama kijana wa Kiturkana, nusu siku kama mimi zamani. Namlipa mia na sitini, chai na chakula cha mchana. Na mtoto wake anakuja naye. Nimeshafanya hesabu: kikombe kimoja cha uji zaidi ni bei ndogo kuliko mlezi ambaye moyo wake umebaki kwa jirani.

Mwezi wa kwanza Akiru akachukua mia, akanirudishia sitini. "Niwekee, mama." Nikaziweka kwenye mkebe nyuma ya kaunta.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa pili sukari ilipungua mjini, nikapata gunia kwa bei nzuri, na pesa yangu haikutosha. Ya Akiru ilikuwa kwenye ule mkebe. Niliichukua. Niliichukua bila hata kufikiri, Mwalimu, mkono ulikwenda wenyewe. Usiku huo nilikuona wewe na cherehani yako, na nikaona kwamba hukuniibia. Ulikuwa na shida, na mkebe ulikuwa karibu.

Gunia liliisha kwa siku nne. Nilipotoa fungu langu, fungu la Akiru lilikuwa na faida ya shilingi arobaini. Mwezi wa tatu zake zilifika mia na themanini, bei ya jike siku hizi. Nikaongeza zile arobaini, nikanunua mwenye mimba.

"Mbona huyu ana tumbo?" Akiru akauliza. "Pesa yangu ilikuwa ya mbuzi mtupu."

"Tumbo ni la sukari," nikamwambia. "Peleka nyumbani."

Kwa hivyo sidai tena mbuzi wanne. Walioko wananitosha, na uhamisho nao haukuwa shauri lako. Lakini cherehani ile najua ilivyo imara, nafikiri bado inashona. Kendi sasa ni msichana mkubwa. Mshonee gauni moja, la kitambaa kizuri, si vipande. Akiuliza limetoka wapi, mwambie limetoka kwa Aayo wake wa Isiolo, ni mtoto wa pesa yake. Likishamkaa mwilini, mimi na wewe tumemaliza.

Baki salama, na umsalimie Baba Kendi mbeba godoro.

Mimi,
mama wa Kendi wa saa za asubuhi