Nimfuate Nani Aliye Hai

Mji wa Kale, Mombasa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii yakufikia huko Lamu ukiwa mzima, na kifua cha Mama kimetulia. Mimi sijambo kwa Shangazi hapa Ndia Kuu. Anilisha kama mbuzi wa Idi.

Baba, lipo neno ambalo mbele yako ningelimeza. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mkristo wa bara, alitusomea maneno ya mwanafalsafa wa Kijerumani, kwamba mtu hajawa mkubwa mpaka athubutu kutumia akili yake bila ya kuongozwa na mwengine. Salimu, tunayekaa naye dawati moja, akaninyoshea kidole akasema, "Huyu hata kutawadha hungoja fatwa ivuke bahari." Darasa likacheka. Nami nilicheka, lakini iliniuma.

Nikamwendea Sheikh wa madrasa, kule Bondeni, nikidhani atanifukuza. Wala hakukasirika. Alisema Mungu, Mtume na Maimamu haifai niwaamini kwa kuwa tu wewe wawaamini. Hayo niyafikie kwa akili yangu. Mujtahidi, yule mwanachuoni mkuu atoaye fatwa, sisi Mashia twamfuata katika hukumu za sala, saumu na biashara, maadamu Imamu wetu yuko ghaibuni, na hata kumchagua huyo ni kazi ya akili. Nikaona Mjerumani na Sheikh wamekaribiana, ingawa si sana: yule hataki niongozwe, huyu ataka nijue kwa nini namfuata aniongozaye.

Kisha akaniuliza mimi namfuata nani. Nikamtaja yule mujtahidi wako, tena kwa fahari.

"Babako alianza kumfuata akiwa hai," akasema. "Wewe umebaleghe yeye keshafariki. Huanzi na maiti, mwanangu. Tafuta aliye hai."

Baba, uliponiaga uliniusia nisimwache yule. Tangu siku ile nasali na moyo umegawanyika. Naogopa utaona Mombasa imenipotoa.

Sikuombi unichagulie. Niandikie tu, ulipokuwa kijana kama mimi, ulimchagua yeye kwa nini? Jina lake nimelijua tangu utotoni. Sababu hukunambia, nami haya zilinizuia kuuliza. Nikiijua nitachagua mwenyewe, na nataka radhi zako kabla, si baada.

Nibusie mikono ya Mama. Msalimu Bibi aliyenilea, na dada yangu, mwambie mwanawe asinisahau.

Mwanao akupendaye, na kukuogopa kidogo,
Hasani