Sahani ya Mama Nimeiona Matrah

Maskati, mwezi wa Shaabani

Mdogo wangu Zuwena,

Hujambo? Mama hajambo? Safari hii nauliza kweli, si kwa mazoea ya barua. Sisi huku afya tunayo, alhamdulillahi, ila joto limetushika koo na Nasra, kitinda mimba wangu, ana vipele vya jasho mgongo mzima. Baba yao anasema nimekonda. Namwambia ni joto, lakini si joto. Barua hii nampa Bi Salama, anayesafiri kuja huko Unguja, aje nayo mkononi, maana nitakayoyasema sitaki yasomwe na mtu njiani.

Juzi nilikwenda Matrah, mji wa jirani, kununua sahani za kulia. Unanijua, nikiingia duka la vyombo sitoki mpaka mwenyewe anichoke. Huyu ni Mhindi mzee aliyekaa Mombasa ujanani, Kiswahili anakijua, na maneno anayo kuliko bidhaa. Akanipangia sahani za Ulaya kama anayemsomesha mtoto alifu. Za kale zaidi, akasema, ni hizi za buluu: Wazungu walikuwa bado wanaiga maua ya Wachina, maua ambayo wenyewe hawajawahi kuyanusa. Halafu wakaanza kuchora ya bustani zao, waridi na vile viua vya samawati, jani moja moja kwa brashi. Mwisho wakaona wanachelewa, wakakata ua kwenye kipande cha sifongo, wakachovya rangi na kugonga. Ndiyo haya mabakuli yetu ya wali, mekundu na ya kijani, pwani nzima.

Mimi nacheka tu. Kisha akafungua kasha jingine, akatoa sahani yenye mawaridi matatu upande mmoja na kishada cha samawati. Zuwena, moyo ulinipiga paa. Pembeni, chini ya ua la manjano, palikuwa na nyuki.

Nyuki wetu. Yule tuliyekuwa tukimkwaruza kwa kucha tukidhani ametua, mpaka Mama akatufinya masikio.

Nikajikaza. "Sahani kama hizi zilikuja nyingi, siyo? Kila nyumba ya Unguja ilikuwa nayo."

"Za kugonga, ndiyo, nyingi. Hii imechorwa kwa mkono." Akawa anafurahi, maskini, akidhani anaiuza. "Tazama huyu mdudu. Sahani ikitoka tanuruni na kitundu, fundi haitupi. Anachora mdudu juu yake, aibu inafunikwa. Kitundu kilipo, ndipo mdudu alipo. Mwenzake hutompata mahali hapo hapo, hata ukizunguka dunia."

Nikapitisha kidole. Kitundu kipo, chini ya bawa, kama tulivyokuwa tukikigusa.

"Imetoka wapi?"

"Mabaharia wa Sur wameleta. Wamenunua mnadani huko Unguja, vitu vya nyumba moja."

"Nyumba ya nani?"

"Mimi ntajuaje, bibi? Nikufungie?"

Sikuinunua. Nilihisi nikiichukua tu, nitakuwa nimekubali. Nikatoka bila hata sahani za kulia nilizozifuata, na nilifika Maskati lango la mji linataka kufungwa. Tangu siku hiyo naogopa. Naogopa mlango ukigongwa. Naogopa mtu akitoka huko, hata akija anacheka, maana aliyebeba habari mbaya huanza kwa kucheka.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akijibu kila alipoombwa kuiazima, ipambe chumba cha bibi harusi? "Hii itatoka nyumba hii siku nitakayotoka mimi." Nasi tukimtania kwamba anapanga kuolewa tena, aondoke nayo. Leo sina hata cheko la kuazima.

Nimejaribu kujidanganya. Labda ni njaa. Labda mmeiuza mpate unga, na Mama mwenyewe ndiye aliyekwambia usinieleze. Kama ni hivyo sitakasirika, wallahi. Nitashukuru, hata ukiniambia mmeuza na milango. Lakini barua zako za karibuni zinasema "sote wazima", na ndani yake hamna neno lolote la Mama. Yeye ambaye hakosi kukuamrisha uniandikie kwamba nimezidi uvivu wa kujibu! Nimezisoma mpaka karatasi imelegea, namtafuta humo.

Seif ananambia, "Unajitafutia maradhi, Rayya. Sahani ni udongo." Lakini jana nilimsikia akiwaambia watoto wasinisumbue, na mume wangu si mtu wa hivyo. Naye anaogopa. Kuja siwezi, unajua mwenyewe. Ruhusa ya kutoka hapa ngumu, na ya kuingia huko ngumu zaidi.

Nisalimie Mjomba Abdalla, kaka yake Mama, na umwambie mwenye kuficha maradhi, kilio humfichua. Nisalimie shemeji yangu mumeo, na jirani yetu Bi Asha wa mlango wa pili, ambaye hakuna linalompita. Kama wewe huna moyo wa kuandika, mshike yeye aseme, wewe uandike tu.

Usinifiche kwa kunihurumia. Kila nikimaliza kusali nainua mikono, nawaombea watoto, nakuombea wewe, na nikifika kwa Mama nakwama. Sijui nimwombee afya au nimwombee rehema. Niambie, mdogo wangu, nimwombee lipi.

Dada yako,
Rayya