Akerere si Tajiri

Kalemie, Jumanne, 11 Juni 1974

Kazi ya ukarani nimeikosa kwa sababu ya kueleza neno moja, na hata sasa sisikii hasira wala huzuni.

Papa mmoja, mzee aliyepewa na Serikali duka la Mgiriki mmoja karibu na bandari, alisoma diplome yangu kwa makini. Kisha akauliza, huku akicheka kidogo: "Wachukuzi wananiita akerere. Weye mwenye masomo, ile neno inatoka wapi? Si njo kusema tajiri?"

Nilisimama wima kama niko mbele ya watahini. Nilieleza kwamba tajiri ni neno la Kiarabu lililovuka ziwa pamoja na wafanyabiashara, na maana yake ya kwanza ni mtu anayenunua na kuuza. Akerere ni Kifaransa, yaani mwenye kujipatia kitu. Karatasi za Serikali zimewaita hivyo waliokabidhiwa maduka ya wageni. Niliongeza, ili jibu likamilike, kwamba mtu aweza kuwa akerere bila kuwa tajiri.

Aliangalia rafu zake. Zilikuwa zimebakiwa na sabuni na viberiti tu.

"Mwalimu," akasema taratibu, "miye natafuta mutu wa kuandika barua. Enda ukafundishe batoto."

Nyumbani Mama aliuliza kama nimepokelewa. Nilimjibu kwamba wataniita. Alimshukuru Mungu, akachukua shati langu jeupe alifue, liwe tayari kwa siku hiyo. Nilimtazama akilisuuza mara mbili.