Jibu Nililoandika kwa Jina la Saluni

Jumanne, Mbagala

Tena ana sauti ya upole, yule mteja.

Ndiye aliyeandika kwenye ukurasa wa saluni yetu kwamba dawa ya nywele imemuunguza kichwa. Mama akaniambia, "Mjibu, asituharibie jina." Nikaandika, "Dada, dawa haina kosa, nywele zako ndo katani." Mie, ninayeogopaga hata kunyoosha mkono darasani! Watu wakamcheka mpaka akanyamaza.

Leo amekuja. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akavua kitambaa. Vidonda vitupu. "Huyo anayewajibu watu kwenye ukurasa wenu ni nani?"

"Kijana fulani tu, nimeshamfukuza," mama akasema.

Alipotoka, mama akaninong'oneza, "Jibu lako usilifute, linaleta wateja."

Sijalifuta. Nimelisoma tena sasa hivi na, Mungu anisamehe, nimecheka.